Msihiri Asiyesomewa

Jumamosi, 13 Januari

Orrin amerudi mezani! Mara ya kwanza tangu kiharusi cha Novemba. Theluji ilikuwa imeziba ngazi za nyuma kwa Lorraine, ikabidi Pheng achukue sepetu. Mzee akasimama pale na fimbo yake, akimsimamia kama mkandarasi — kushoto umebakiza, kijana.

Anatembea. Anaongea vizuri. Utani wake haujapungua hata chembe. Kitu kimoja tu kimeondoka: kusoma. Herufi anaziona, tarakimu anaziona, lakini hazimwambii kitu. Daktari alimweleza mkewe, Arlene, hivi: jicho zima, ulimi mzima, daraja la katikati ndilo limevunjika. Maelezo safi. Laiti yangekuwa ya kitu kingine.

Tulicheza mchezo wetu wa hadithi na dadu kama kawaida, katika chumba cha chini, karibu na tanuri la kupashia nyumba moto. Lorraine ni daktari wa ng'ombe siku nyingine zote; Jumamosi ni msimulizi wetu. Yeye hutupa dunia, mapango na majitu, nasi huamua watu wetu watafanya nini humo. Pheng ana mpiganaji. Mimi nina tabibu. Orrin ana msihiri wake mkongwe na faili nene la sihiri alizozikusanya kwa miaka mingi. Alilifungua. Akalitazama. Akalifunga.

Pheng akajitolea kumsomea, sihiri na dadu pia. Dadu yetu ina nyuso ishirini, kila uso na tarakimu yake. Ikitoka kubwa jambo limefaulu, ikitoka ndogo limeharibika. Kumi na saba, akasoma Pheng. Kumi na tisa. Kumi na sita. Mchana kutwa mzee hakukosa. Mara moja niliiona ile dadu kabla Pheng hajaiokota. Ilikuwa nne.

Pheng akasoma kumi na nne.

Wakati wa kuvaa makoti Orrin akatuambia kwamba atacheza nasi hadi baridi iishe, halafu basi. Msihiri asiyeweza kusoma kitabu chake ni kichekesho, alisema, na yeye hajazoea kuchekesha bila kukusudia. Lorraine alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumanne, 16 Januari

Swali la asubuhi nzima: sihiri gani haihitaji kitabu?

Nilikuwa naosha sufuria ndipo jibu lilipokuja, na nikaona aibu kwamba lilichelewa. Mbingu! Nimefundisha fizikia na elimu ya nyota miaka yote ile, Pheng mwenyewe alipita darasani kwangu, na bado nimehitaji sufuria kunikumbusha. Orrin hutoka alfajiri kwenda kuvua samaki kwenye barafu ya ziwa. Nyota anazijua kama mtu anavyowajua majirani: wengine kwa majina, wengine kwa mwendo tu.

Basi nitatunga tawi jipya la usihiri. Msihiri wa nyota. Mchezo wetu unaruhusu kujitungia, ilimradi msimulizi akubali na meza ijaribu kwanza. Kila kundi la nyota litakuwa na kazi yake. Mwindaji apige. Kilimia kiwafiche wenzake, maana nacho ni kundi lililojibana pamoja kama vifaranga. Kiti cha Malkia kiamuru. Zeze lilaze walinzi usingizi. Upawa Mkubwa — chochote cha kuteka na kumimina: maji, moto, mwanga.

Inapendeza. Nimeacha sufuria majini.

Jumamosi, 20 Januari

Nilipeleka kazi yangu. Kurasa kumi na moja, zenye vichwa vya habari, jedwali la mwangaza wa kila nyota na maelezo ya chini.

Lorraine alipekua, akafika mwisho, akanitazama juu ya miwani. Akasema hii si fani ya mchezo, ni muhula mzima, mtihani uko wapi. Pheng akauliza kama atakayeshindwa atarudia mwaka. Nilivumilia. Kisha Orrin akazichukua zile karatasi, akazipima uzito kwenye kiganja.

"Hedda," akasema, "umeniandikia kitabu."

Sekunde nzima ilipita kabla sijaelewa. Mtu hawezi kusoma, nami nimemwandikia kurasa kumi na moja ili asihitaji kusoma! Nilicheka hadi machozi, na yeye akacheka, lakini kwake kicheko kiliishia njiani. Pheng alimsomea dadu tena. Hakukosa tena.

Jumatatu, 22 Januari

Karatasi nimezitia kwenye moto wa jikoni. Nimeshusha pazia la zamani la chumba cha wageni, la buluu iliyokoza, na nashona vifungo. Kifungo kimoja, nyota moja. Vikubwa kwa nyota kali, vidogo kwa zile hafifu. Mtu ataweza kusoma mbingu kwa vidole. Nguo hii haina hata neno moja.

Kanuni sasa ni moja tu, na naiona nzuri kupita zote nilizowahi kutunga: nguvu ya kila kundi hudumu mpaka kundi hilo lizame. Kwa mbingu ya kweli! Tukicheza Januari, ni mbingu ya Januari. Nge hayupo, kwa hiyo hana nguvu. Mwindaji yupo, basi atumike hadi aende zake magharibi. Mchezaji atalazimika kujua nje kuna nini.

Vidole vinauma. Furaha tupu.

Jumamosi, 27 Januari

Nimeaibishwa na Upawa.

Mezani kwetu kitu kipya hupewa kwanza Pheng akivunje. Hujenga madaraja kwa riziki yake, na anasema daraja ambalo halijawahi kutukanwa halifai kuvukwa. Akaitandaza nguo, akaipapasa, akanisifia mshono. Kisha akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hivi hapa kwetu Wisconsin, Upawa huzama lini?"

 Nikazitazama nyota zake saba kwenye nguo.

Hauzami! Kwa latitudo yetu unazunguka Nyota ya Kaskazini mwaka mzima bila kugusa upeo. Nimewaambia watoto jambo hilo kila Septemba. Swali hilo liliwahi kuwa kwenye mtihani, na Pheng alilipata. Sasa msihiri aliyekuwa akichezwa na Pheng kwa majaribio ana nguvu isiyokwisha: alimimina moto juu ya majoka, akamimina maji juu ya moto, akaigharikisha ngome nzima, akapanda juu ya paa akaendelea kumimina. Lorraine akaomba msamaha kwa niaba ya majoka. Orrin alicheka hadi akashika ubavu — kicheko kizima safari hii.

Lakini tulipotulia, akaweka kiganja chake juu ya vile vifungo.

"Nguo ni nzuri," akasema. "Hii naisoma. Shida ni dadu. Dadu mnanisomea nyinyi, na nyinyi mnanipenda."

Pheng akatazama magoti yake.

"Tangu nirudi sijakosa hata mara moja. Miaka yote ile nilikuwa nakosa kama binadamu. Mtu asiyekosa hachezi, anabebwa."

  Lorraine akaenda kuleta kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Kwa hiyo nimeelewa sasa. Sikuwa natafuta msihiri asiye na kitabu. Natafuta msihiri asiyesomewa.

Jumatano, 31 Januari

Majaribio yaliyokufa wiki hii. Dadu za vitone badala ya tarakimu: Arlene alimjaribisha Orrin, mzee akahesabu vitone kwa kidole, kimoja kimoja, akazisukuma mbali. Kama chekechea, alisema. Dadu za rangi: nyuso ishirini, rangi ishirini, nani atakumbuka kama zambarau ni bora kuliko kijani?

Leo nimekula nao chakula cha mchana — supu ya mbaazi kavu na vipande vya jibini mbichi vinavyolia menoni. Orrin alikuwa mpima jibini maisha yake yote, na binamu yake wa kiwandani alikuwa amemletea gurudumu moja la jibini, yaani donge zima la duara, ambalo ubora wake una shaka. Nilikaa nikamtazama. Ana kijiti cha chuma chenye mfereji. Akakidunga tumboni mwa lile gurudumu, akakizungusha, akachomoa kipande chembamba kama penseli. Akakinusa. Akakibonyeza kati ya vidole. Akauma ncha tu. Kisha akairudisha sehemu iliyobaki kwenye tundu, akaziba kwa kidole gumba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Akasema ndani liko sawa, upande wa chini lilipata joto. Hakulikata. Halijafunguliwa bado!

Nikauliza amejuaje kilichomo wakati hakioni. Akashangaa swali. Unachomoa kidogo, akasema, na kile ulichochomoa kinakwambia kilichobaki.

Nimeendesha gari kurudi nyumbani nikiirudia sentensi hiyo kwa sauti. Mfuko! Mfuko wa kitambaa kizito usiopenyeka kwa macho. Ndani yake gololi, nyeupe na nyeusi. Nyeupe ni nyota, nyeusi ni wingu. Unaingiza mkono, unatoa moja, meza nzima inaona pamoja nawe. Hakuna wa kumsomea mtu.

Jumamosi, 3 Februari

Niliwaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani, hata kama Lorraine alijifanya kusinzia.

Jambo lenyewe ni hili. Dadu haina kumbukumbu. Ukikosa mara tano, mara ya sita haijui lolote kuhusu zile tano. Mfuko unakumbuka. Gololi iliyotoka inatiwa kwenye kopo lililofunikwa, hairudi mpaka msihiri apumzike, kwa hiyo kila wingu linalotoka linaacha mbingu safi zaidi nyuma yake, na kila nyota inayotoka inaacha mawingu. Mwenye bahati asubuhi atalipia mchana. Na kanuni ya kuzama imekufa: sasa kila kundi likitumika, kifungo kimoja kinafunikwa kwa punje ya haragwe. Vikifunikwa vyote, kundi limelala. Upawa una nyota saba kama mwenzake yeyote mwenye saba, na mambo yaishe.

Lorraine alitikisa mfuko, akatoa gololi kadhaa, akazirudisha, akatoa tena. Akakubali kujaribu. Pheng akanikumbusha sheria ya meza hii kwa mtunzi: wakati wa majaribio hasemi kuhusu alichotunga. Neno moja tu la kueleza, na kitu kinatupwa. Chombo kinachohitaji fundi asimame pembeni akieleza hakijawa chombo bado.

Naiunga mkono sheria hiyo. Nimeiunga mkono kila ilipomhusu mtu mwingine.

Jumamosi, 10 Februari

Amekosa!

Mbwa-mwitu njiani, katika msitu aliousimulia Lorraine. Orrin akagusa kifungo cha bega la Mwindaji, akaweka haragwe, akaingiza mkono mfukoni. Nyeusi. Akaiinua kwenye taa aitazame vizuri. Tena. Nyeusi. Mbwa-mwitu wakamrarua joho. Tena — nyeusi! Msihiri wake chini, anavuja damu, tabibu wangu anakuja mbio.

"Nimekosa," akasema. Kama mtu aliyewekewa sahani ya chakula anachokipenda.

Kisha akachezesha gololi zile tatu kiganjani na kusema haya, sasa mbingu imesafishwa. Akachomoa nyota mfululizo. Mbwa-mwitu hawakujua kilichowapata.

Hapo Pheng akainua mkono kama darasani. Kuna tundu, akasema. Mzee anahesabu! Anajua nini kimebaki mfukoni, kwa hiyo anasubiri mpaka mawingu yaishe ndipo afanye makubwa. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka sana. Nikatia kipande cha jibini mdomoni, kisha kingine. Lorraine akanitazama nikitafuna, akafurahi kupita kiasi.

Orrin ndiye aliyejibu. "Kijana, msihiri wa nyota asiyejua mbingu yake imebakiwa na nini ni wa kazi gani?"

Pheng akafikiri. Akasema tundu lile huenda ndilo mlango. Lorraine ataamua baada ya jaribio moja kubwa, lenye hatari ya kweli.

Mimi sikuwahi kufikiria kwamba mtu angehesabu. Kitu nilichokitunga kinajua jambo ambalo mimi sikulijua! Hilo linanishangaza zaidi ya nyota.

Alhamisi, 15 Februari

Orrin amepiga simu. Mara ya kwanza yeye mwenyewe. Arlene amemwekea picha zetu kwenye simu, anagusa uso. Alikuwa na jambo moja. Msihiri wake akifa katika jaribio kubwa, afe. Asitokee malaika, asitokee kamba ya ghafla. Akiona tena anabebwa, atainuka, atachukua koti, na Jumamosi zake atazipeleka ziwani.

Nikamwambia sawa. Akauliza kama sawa hiyo ni ya kweli au ni ya Pheng. Nikasema ni yangu.

Jumamosi, 17 Februari

Hakuna mchezo. Ng'ombe wa mtu anazaa kwa shida, Lorraine yuko zizini. Nimehesabu uwezekano wa mfuko kwa mkono, ukurasa mzima, kwa raha zangu tu. Ni mgumu kidogo kuliko dadu mwanzoni, na mpole zaidi mwishoni — kwa anayehesabu. Kwa asiyehesabu hauna huruma.

Jumamosi, 24 Februari

Naandika hapa hapa kwa Lorraine, kwenye ngazi, mgongo kwao. Nieleze kwa mpangilio.

Jaribio kubwa. Daraja la barafu juu ya bonde, jitu katikati. Lorraine hakutuonea huruma. Mpiganaji wa Pheng alianguka mapema. Tabibu wangu akamfuata, kwa hiyo hata kwenye mchezo sina tena mdomo. Amebaki msihiri peke yake, majeraha tele, na vifungo vyote vimefunikwa isipokuwa kimoja cha Kiti cha Malkia. Akifaulu kuamuru, jitu linarudi nyuma na sote tunaishi. Akikosa, linamsukuma bondeni. Lorraine alimkumbusha, kwa sauti ya kazi, kwamba nyuma yake njia iko wazi. Anaweza kuondoka. Sisi wawili tutabaki hapo tulipolala, lakini yeye atapona.

Gololi zilizobaki ni chache. Orrin akasema kwa utulivu, "Nyota mbili. Mawingu mawili."

Kwa hesabu yangu nyota ni moja.

Nimepitia upya tangu mwanzo. Ile ya langoni, zile mbili za shimoni, ile aliyoitoa wakati Pheng anamwaga kahawa. Zimebaki nyeupe moja, nyeusi tatu. Nina hakika. Karibu nina hakika — wakati kahawa inamwagika nilikuwa nainua nguo isilowe, na kuna gololi moja niliyoiona pembeni ya jicho tu. Mmoja wetu amekosea. Nimezoea kutokuwa huyo. Yeye naye amekaa maisha yake yote akijua kilicho ndani ya kitu kisichofunguliwa.

Kama angejua ni moja kati ya nne, pengine angerudi nyuma. Anaamini ni nusu kwa nusu. Neno moja tu ningesema! Na neno hilo lingekuwa kumsomea dadu.

Akaingiza mkono mfukoni.

Saa ya oveni ikalia. Lorraine akasema msifanye kitu, viazi vinaungua, akapanda juu mbio. Tukabaki. Orrin hakutoa mkono. Pheng akamuuliza kama anataka kuupumzisha. Akajibu kwamba mkono wa mtu hupumzika popote anapotaka mwenyewe. Lorraine akarudi na bakuli la viazi na soseji, akapakua, na mzee akaanza kula kwa mkono wa kushoto, polepole, wa kulia ukiwa bado ndani, hadi kifundo. Hakuna aliyethubutu kucheka, ila Orrin mwenyewe.

Halafu akanitazama. 

"Hedda. Mdomo umeufunga vizuri, sina lawama. Sasa ufunge na uso."

Sikujua kwamba uso wangu ulikuwa unasema. Sijui hata ulisema nini. Nikachukua shajara hii kwenye koti, nikaja ngazini, nikageukia ukutani, mahali zilipotundikwa sweta za zizini za Lorraine. Nyuma yangu nasikia uma ukiwekwa sahanini. Pheng anasogeza kiti. Lorraine anasema, haya mzee, umeamua? Msihiri anakaa au anakwenda?

Anakaa, anasema Orrin.

Gololi zinagongana. Hana haraka; anaziviringisha moja moja, nasikia, kama mtu anayebonyeza jibini kati ya vidole. Kalamu yangu inaandika kitu chochote ili shingo isigeuke.

Zimenyamaza.

Mkono umetoka, nadhani. Nasikia kitambaa cha mfuko kikilala mezani. Wote wameshaona isipokuwa mimi.  Na mimi siulizi; iwe nyota au wingu, ni yake, naye ataisema mwenyewe.